Jumatatu Baada ya Mafungo

Neno la kusoma: Marko 6:30-44, Marko 9:2-29, Luka 19:1-10

 

Juma hili tunajibu swali ambalo limetufikia mara nyingi. Mzee mmoja wa kanisa alituuliza hivi: "Mchungaji, haya mafungo ya mwisho wa juma yana faida gani? Watu wanakwenda Ijumaa, wanalia Jumamosi, wanarudi Jumapili wakiimba, na ikifika Jumatano wamerudi palepale walipokuwa." Mzee huyu si mpinga maombi. Ameyaona mambo kwa macho yake. Tumeona vema tusimjibu kwa haraka, kwa sababu sisi wachungaji nasi tuna sehemu yetu katika kosa hilo.

1. Mafungo ni nini?

Mkesha ni usiku mmoja wa maombi. Kampeni ya Injili ni kwa ajili ya wale ambao bado hawajampokea Yesu. Inafanyika uwanjani, na vipaza sauti. Semina ni mafundisho. Watu wanaandika katika daftari, kisha wanarudi kulala kwao. Mafungo, ambayo wengine wetu huyaita retreti, ni kutoka. Mkristo anaacha duka, shamba, simu na kelele za nyumba, anakwenda na wenzake mahali pa utulivu ili Mungu apate nafasi ya kusema naye. Anaweza kufunga chakula au asifunge. Kinachofungwa kwanza ni mlango wa shughuli.

Jambo hili alilianzisha Bwana Yesu mwenyewe. Katika Marko 6 mitume wanarudi kutoka safari ya kuhubiri. Watu wanaingia na kutoka, hata nafasi ya kula hawana. Yesu anawaita waende kando pamoja naye, wapumzike kidogo. Angalieni ni nani walioitwa: ni watenda kazi, watu waliotoka kuhubiri na kuombea wagonjwa. Basi mafungo si adhabu ya Wakristo wadhaifu. Mara nyingi anayeyahitaji zaidi ni yule anayeshika funguo za kanisa, anayeongoza kwaya, anayehesabu sadaka, anayefungua kikundi cha maombi mtaani. Huyo ndiye anayetoa kila siku, na wengine wanasahau kumwuliza kama bado ana kitu ndani.

Na angalieni mwisho wa habari ile. Waliposhuka katika mashua, makutano walikuwa wamekwisha kufika. Yesu akawahurumia, na jioni ile wanafunzi walewale waliokuwa wamechoka ndio waliogawa mikate. Bwana aliwaita kupumzika, lakini hakuwaficha na watu wake.

Kwa nini mwisho wa juma? Kwa sababu ya maisha yetu. Ariwara ni mji wa soko. Hapa mtu anahesabu faranka kwa mkono mmoja na shilingi za Uganda kwa mkono mwingine. Mfanyabiashara hawezi kufunga duka siku saba, na mama hawezi kuacha watoto juma zima. Lakini tangu Ijumaa jioni mpaka Jumapili, wengi wanaweza.

2. Siku mbili zilizobadili nchi

Wengine wanafikiri siku mbili ni kidogo mno. Tuwakumbushe habari iliyotokea jirani na sisi.

Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Rwanda ilikuwa imetoka katika njaa kali ya 1928 na 1929, naye alikuwa amezika watu wengi. Pale kilima cha Namirembe alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Walikaa pamoja siku mbili, wakisoma Biblia na kuomba, wakitafuta kujazwa Roho Mtakatifu. Hapakuwa na jukwaa wala vyombo vya muziki. Walikuwa watu wawili na Biblia, mweusi na mweupe wakipiga magoti pamoja, jambo ambalo siku zile za ukoloni halikuwa la kawaida.

Mambo yaliyofuata ndiyo yanayotufundisha. Daktari alirudi Gahini, katika hospitali ileile. Nsibambi aliacha kazi yake ya serikali akawa mhubiri, lakini hakuwa kasisi hata mwisho wa maisha yake. Alibaki Mkristo wa kawaida anayeshuhudia.

Baadaye msaidizi wa hospitali ya Gahini, Yosiya Kinuka, alikwenda Kampala kumwona Nsibambi. Alikuwa amejaa malalamiko juu ya kazi na juu ya watu wa kule. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamrudisha kwake mwenyewe: ubaya wa hospitali ile usingeondoka kama dhambi ingali ndani ya moyo wake yeye. Njiani akirudi nyumbani, Kinuka alijitoa kwa Bwana. Akafika, akaanza kutengeneza mambo na wafanyakazi wenzake.

Mwisho wa mwaka 1933 walifanya mkutano wa siku kadhaa Gahini. Ulionekana kama umeshindwa, kwa maana watu walisikiliza tu. Lakini katika maombi ya mwisho Mkristo mmoja alisimama akaungama dhambi zake, mwingine akafuata, na ikawa hivyo kwa muda wa saa mbili na nusu. Mwaka 1935 Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyekuwa mwalimu na shemasi Gahini, alijifungia juma moja katika maombi. Mwezi wa Septemba mwaka uleule yeye na wenzake walihubiri katika mkutano wa Kabale, Uganda. Januari 1936 Kigozi akafariki Kampala, alikokuwa amekwenda kuliomba kanisa lake liamke. Uamsho ule ulienea Uganda, Rwanda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Hao ndio ambao majirani zetu wanawaita balokole, yaani waliookoka.

Tukiuliza ni nini kilichoulinda moto ule usizimike, jibu moja ni hili: walikuwa na desturi ya kukutana kila juma katika vikundi vidogo. Pale mwalimu, mkulima, mpishi na daktari waliketi pamoja, wakasoma Neno, wakaambiana ukweli juu ya maisha yao, wakaombeana. Wengi waliobeba uamsho ule hawakuvaa kola ya mchungaji. Mkutano mkubwa uliwasha, na kikundi kidogo kikaongeza kuni.

3. Kosa letu sisi

Sasa tuseme ya kwetu. Miaka kadhaa iliyopita tulipeleka vijana kumi na wawili kwenye mafungo. Mungu alitenda, hatuwezi kukana. Jumamosi usiku walilia, wengine walijazwa Roho Mtakatifu kwa mara ya kwanza. Tulirudi Jumapili tukiwa na furaha kubwa, tukashuhudia kanisani, tukapiga makofi. Kisha sisi wachungaji tukaenda kulala. Hatukuwapa kazi wala mtu wa kuwafuata, na Jumatatu hatukuwaita.

Basi wakajifuata wenyewe. Wakaanza kukutana usiku katika nyumba moja. Wakajiita watu wa moto, na wengine wote wakawa watu wa baridi. Likatoka neno la unabii juu ya mzee fulani, likafika sokoni kabla ya kumfikia mzee mwenyewe. Mama mmoja aliyekuwa ameungama mambo ya ndoa yake katika mafungo akasikia mambo hayo yakisemwa kwenye bomba la maji. Kabla mwaka haujaisha, saba kati ya wale kumi na wawili walikuwa wamelihama kanisa, na watatu hawaendi kanisa lolote hata leo.

Tuliwalaumu kwanza. Baadaye Bwana alitusomesha Marko 9. Petro aliona utukufu mlimani akataka kujenga vibanda, abaki huko. Yesu hakumkemea kwa kufurahi. Alimshusha. Na chini ya mlima palikuwa na baba mwenye mtoto mgonjwa, na wanafunzi wengine wameshindwa. Sisi tuliwapandisha vijana mlimani, tukasahau kuwatengenezea njia ya kushuka.

Habari ya balokole nayo ina onyo la namna hiyo. Mwaka 1941, katika chuo cha teolojia cha Mukono, Uganda, wanafunzi wa uamsho waliamka alfajiri na mapema kuomba na kuhubiri, wakawaona wengine kuwa hawajaamka. Wakubwa wa chuo waliwakataza, wao hawakukubali, na wanafunzi 26 wakafukuzwa. Wengine walisema wakubwa walizima Roho. Wengine walisema vijana walikosa utii. Sisi hatukai kiti cha hakimu. Tunaona tu kwamba pande mbili zikikosa kuketi pamoja, moto unaotoka kwa Mungu unaweza kuunguza nyumba ya Mungu.

4. Jinsi ya kupanga mafungo yanayodumu

Tangu hapo tumebadili mwendo wetu. Tunaueleza hapa ili komite za makanisa mengine zichukue lililo jema.

Kabla ya kwenda. Tunachukua watu thelathini, au arobaini wakizidi, ili kila mmoja ajulikane kwa jina. Kila anayekwenda anatumwa na wazee wa kanisa lake na kuombewa mbele ya wote, haibi safari. Tunamjulisha chifu wa mahali. Tunachagua mahali penye choo na maji, kwa maana jimbo letu la Ituri halijasahau Ebola ya 2018 hadi 2020. Ndoo ya kunawia mikono ni sehemu ya utumishi. Tunafika kabla ya giza. Kila mtu analeta mkeka, unga, maharage na chumvi kwa uwezo wake, ili asikose mtu kwa sababu ya fedha.

Ijumaa jioni. Simu zinawekwa katika kikapu, isipokuwa moja ya viongozi kwa ajili ya haja ya ghafula. Hatuhubiri sana. Tunasoma Zaburi 139 na kunyamaza, kila mtu akimwomba Mungu amchunguze. Kwetu Wapentekoste kunyamaza ni kazi ngumu! Lakini tumejifunza kwamba mtu anayepiga kelele tangu mwanzo anaweza kumaliza siku tatu bila kusikia kitu.

Jumamosi asubuhi. Neno, katika vikundi vya watu sita au saba. Kila kikundi kinatumia lugha inayoeleweka: Kiswahili, Bangala, Kilugbara au Kikakwa. Mama asiyejua Kifaransa anaweza kuwa ndiye mwenye hekima ya kuongoza wote, lakini tukifundisha kwa lugha ya wasomi hatutamgundua.

Jumamosi mchana. Tunafundisha uongozi. Tunasoma Kutoka 18, Yethro alivyomwonyesha Musa kwamba atadhoofika yeye na watu wake kama ataamua kila neno peke yake. Tunasoma Waefeso 4:11-12, kwamba wachungaji na waalimu wamewekwa ili kuwatayarisha watakatifu, na watakatifu ndio wafanye kazi ya huduma. Mchungaji anayefanya yote mwenyewe hajalitii andiko hili, hata akichoka namna gani. Hapo tunajifunza mambo ya mikono: jinsi ya kumtembelea mgonjwa, jinsi ya kuandika sadaka katika daftari watu wawili wakishuhudia, jinsi ya kupatanisha majirani bila kubeba maneno.

Jumamosi usiku. Toba na maombi. Hatupangi saa ya kulia. Roho akishuka, tunashukuru. Asiposhuka kwa namna tuliyoizoea, hatumsukumi mtu aanguke.

Jumapili. Hapa watu wengi wanashangaa. Tunaondoka alfajiri, ili kila mtu aabudu katika kanisa lake lililomtuma. Mafungo hayana haki ya kuiba ibada ya kanisa. Lakini kabla ya kupanda pikipiki au kushika njia kwa miguu, kila mmoja anajibu maswali mawili mbele ya kikundi chake: Jumatatu nitatengeneza nini? Na ni nani ataniuliza kama nimetengeneza?

5. Kopo la mama mmoja

Maswali hayo mawili yanaonekana madogo. Basi sikilizeni.

Katika mafungo mengine mama mmoja muuza maharage aliungama katika kikundi chake kwamba kopo lake la kupimia lina kitako kilichobonyezwa kuingia ndani. Nyinyi wa sokoni mnajua maana yake: kopo linajaa upesi, na mnunuzi anapungukiwa bila kuona. Alikuwa mwimbaji mzuri, na miaka yote hiyo alikuwa akitoa zaka kutokana na kopo lile.

Wenzake walilia pamoja naye, wakamwombea. Lakini mama mwingine mzee akamwuliza, "Na Jumatatu?" Akanyamaza. Alikuwa na watoto watano, na kila mtu safu ile ya soko ana kopo kama lake. Akibadili peke yake atauza kwa hasara, au apandishe bei na wateja wamkimbie.

Jumatatu alinunua kopo zima. Yule mama mzee alifika akaketi naye kwenye meza yake tangu asubuhi mpaka jioni, bila kuhubiri, akimsaidia kupima. Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu sana. Kikundi kilichanga unga kwa ajili ya watoto. Baadaye wanunuzi wakaanza kuambiana. Hatusemi kwamba amekuwa tajiri. Bado anahangaika kama wengine. Lakini leo ndiye mtunza sadaka wa wamama katika kanisa lake, na hakuna anayemwuliza mara mbili juu ya hesabu.

Zakayo naye hakuishia kumpokea Yesu nyumbani kwa furaha. Alisimama akataja fedha, akataja watu aliowadhulumu. Ndipo Bwana akasema juu ya wokovu wa nyumba ile. Machozi ya Jumamosi ni mbegu. Kopo la Jumatatu ndilo shina ambalo jirani asiyeokoka anaweza kuliona.

6. Mambo ya kujihadhari

Toba iwe na upana wa kosa. Uliyemkosea mmoja, mwendee huyo, kama Mathayo 5:23-24 inavyofundisha. Uliyekosea kanisa, sema mbele ya kanisa. Mambo ya ndoa yasimwagwe mbele ya watu arobaini. Na aliyesikia ungamo la mwenzake akalitoa nje, huyo naye ametenda dhambi inayohitaji toba.

Dawa zisiachwe. Mgonjwa wa kisukari, mwenye kifua kikuu, anayemeza dawa za virusi vya UKIMWI, mama mwenye mimba au anayenyonyesha, wasifunge chakula bila kumwuliza muuguzi, na mtu asiwaambie waache dawa kuonyesha imani. Anayesema hivyo ajiulize ni nani atakayewalea watoto wa marehemu.

Unabii upimwe. Paulo anaagiza hivyo katika 1 Wakorintho 14:29. Neno juu ya mtu lipelekwe kwanza kwa wazee, lisianzie sokoni.

Wakuu wa kanisa nao wajihadhari. Kijana akirudi na moto, usimwone kama mshindani wa kiti chako. Mpe kazi siku ileile, hata kama ni ndogo, na mtu mzima wa kutembea naye. Kijana asiye na kazi atajitafutia mimbari.

7. Siku ya nne

Ndugu zetu Wakatoliki wana mafungo ya siku tatu yaliyoanzia kisiwa cha Majorca, Hispania, katika miaka ya 1940, na watu wa kawaida, si mapadre peke yao, walikuwa mbele katika kuyaanzisha. Wao wana msemo mmoja ambao hatuoni haya kuuazima: maisha yote yanayobaki baada ya zile siku tatu wanayaita siku ya nne. Tunatofautiana nao katika mafundisho mengi, lakini katika hili wameona sawasawa. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zinapita. Siku ya nne haiishi mpaka Bwana atuite.

Basi tumjibu yule mzee wetu. Baba, umesema kweli: mafungo yanayoishia Jumapili hayana faida kubwa. Lakini usiwazuie watu kwenda. Ingia nasi katika kazi. Uwe wewe unayeuliza, "Na Jumatatu?" Uketi na kijana kwenye meza yake kama yule mama mzee alivyoketi sokoni. Wale saba waliotuacha, bado tunawatafuta mmoja mmoja, na mmoja wao juzi ametufungulia mlango tukaomba naye. Mwombeeni, nasi mtuombee.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani:

Je, kuna jambo uliloahidi mbele za Mungu katika mafungo au mkesha, na bado hujalitengeneza?
Ni nani katika kanisa lako anayeweza kukuuliza ukweli juu ya kazi yako, fedha zako na nyumba yako?
Kanisa lenu lina mtu gani mwenye karama ambaye hajapewa kazi kwa sababu tu hana cheo?

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyewaita mitume kando wapumzike, utuite na sisi. Na utakapotushusha mlimani, shuka pamoja nasi mpaka sokoni, mpaka shambani, mpaka jikoni. Amina.